Msisilia wa filamu aliyezaliwa Sardinia

Swali la msomaji anayesomea sanaa za maonyesho: "Mwalimu, shikamoo. Tulionyeshwa darasani filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1958 iitwayo I soliti ignoti, ile ya wezi wasiojua kuiba. Miongoni mwao yumo Msisilia mwembamba mwenye masharubu, anayeitwa Ferribotte. Mwenzangu ameniambia kwamba mtu yule hakuwa Msisilia, hakuwa mwigizaji, na hata sauti ile haikuwa yake. Nimezoea tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, lakini hizo zimevuka kutoka lugha moja kwenda nyingine. Hawa ni Waitaliano waliotiwa sauti za Kiitaliano. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mtu wa namna hiyo aliwezaje kuishi kwa uigizaji?"

Marahaba, ndugu yangu. Mwenzako amekuambia kweli, isipokuwa katika jambo moja linalohitaji kurekebishwa. Ferribotte hakuwa Msisilia, na sauti unayoisikia katika filamu ile haikutoka kooni mwake; lakini kusema kwamba hakuwa mwigizaji ni kusimulia habari za siku ya kwanza na kuziacha za miaka hamsini iliyofuata. Jina lake ni Tiberio Murgia. Alizaliwa Oristano, magharibi mwa kisiwa cha Sardinia, tarehe 5 Februari 1929, na hadi anafariki mwaka 2010 alikuwa ameonekana katika filamu zaidi ya 100, nyingi zikiwa za kuchekesha, na katika sehemu kubwa ya hizo alikuwa yule yule uliyemwona: Msisilia mkali, mwenye wivu, asiyecheka.

Sardinia na Sisilia vyote ni visiwa vya Italia, lakini kwa sikio la Mwitaliano Msardinia hawezi kujifanya Msisilia kwa urahisi. Kisardinia ni lugha inayojitegemea, wala si lahaja ya Kisisilia, na watu wa visiwa hivyo viwili wanapozungumza Kiitaliano, lafudhi zao hutofautiana kiasi kwamba sentensi moja inatosha kumfichua msemaji. Macho hayana ujuzi huo. Mtu mwenye nywele nyeusi, masharubu membamba na uso usiotikisika, mtazamaji atampa kijiji chochote cha kusini bila kuuliza. Kazi yote ya Murgia ilisimama katika nafasi hiyo iliyopo kati ya kinachoonekana na kinachosikika, na ndiyo maana swali lako la sauti na swali lako la riziki ni swali moja.

Kabla ya filamu, maisha yake yalikuwa ya kijana maskini wa kisiwani katika miaka ya baada ya vita. Alikwenda Ubelgiji kufanya kazi katika mgodi wa makaa ya mawe wa Marcinelle, kama walivyofanya maelfu ya Waitaliano wengine baada ya serikali ya Italia kutia saini mkataba wa mwaka 1946 uliopeleka wafanyakazi Ubelgiji ili nchi yao ipatiwe makaa. Katika mgodi huohuo, tarehe 8 Agosti 1956, moto uliua watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitaliano. Murgia alinusurika, akarejea Italia, na baadaye akawa muosha vyombo katika mkahawa mmoja wa Roma uliopendwa na watu wa sanaa. Huko ndiko msaidizi wa mwongozaji Mario Monicelli alikomwona. Hakuulizwa amesomea wapi wala ameigiza nini. Kilichotakiwa kilikuwa usoni.

Monicelli alikuwa anaandaa mzaha juu ya filamu za wizi mkubwa zilizokuwa zikivuma wakati huo, hasa zile za Kifaransa ambamo majambazi hupanga kila hatua kwa saa na kutoboa dari kimyakimya. Wezi wake wangekuwa watu wa njaa: bondia aliyeshindwa, mpiga picha aliyeuza kamera yake na anayelea mtoto kwa sababu mkewe yuko jela, mzee asiyeacha kutafuna. Wanatoboa ukuta ili wafikie sefu iliyopo upande wa pili, wanakosea ukuta, wanajikuta jikoni, na mwishowe wanakaa na kula pasta na dengu walizozikuta kwenye sufuria. Kundi la namna hiyo lilipaswa kufanana na Italia yenyewe, kila mtu na mkoa wake, ili mtazamaji wa Milano, wa Roma na wa Palermo kila mmoja amtambue mwenzake na kumcheka.

Sasa angalia jinsi kundi hilo lilivyoundwa. Vittorio Gassman alikuwa mwigizaji wa jukwaa mwenye heshima kubwa, aliyezoeleka katika tamthilia nzito, na watayarishaji hawakuamini kwamba angeweza kuchekesha. Monicelli akambadilisha sura: pua ya bandia, mstari wa nywele ulioshushwa mpaka paji la uso likawa dogo, na kigugumizi juu yake. Carlo Pisacane, yule mzee mlaji aitwaye Capannelle, alikuwa mtu wa Napoli, lakini katika filamu anazungumza kwa lafudhi ya Bologna kwa sababu sauti aliyowekewa ni ya mtu mwingine. Carmelina, dada wa Ferribotte, ni Claudia Cardinale, msichana aliyezaliwa Tunis katika familia yenye asili ya Sisilia na aliyekulia katika Kifaransa. Naye alitiwa sauti, na ilimlazimu kusubiri hadi filamu ya Fellini ya mwaka 1963, 8½, ndipo watazamaji wa Italia wakasikia sauti yake halisi. Kwa hiyo katika nyumba ile ya Kisisilia kaka ni Msardinia, dada ni mzaliwa wa Tunisia, na wote wawili wanasemewa. Na katika filamu hiyohiyo Gassman alitengenezewa uso akabaki na sauti yake, ilhali Murgia alibaki na uso wake akatengenezewa sauti.

Aliyempa Ferribotte sauti anaitwa Renato Cominetti, mwigizaji na mwingiza sauti mzoefu. Yapo maneno ambayo Waitaliano hadi leo hupenda kuyarudia kwa kuigiza: pale Ferribotte anapomwamuru dada yake ajistiri mbele ya wageni, kwa sauti kavu ya hakimu anayesoma hukumu. Ukiitazama tena sehemu hiyo, zima sauti kwanza. Utaona mtu aliyesimama wima, kidevu juu, macho yasiyopepesa, midomo ikifunguka kidogo sana. Kisha rudisha sauti usikilize. Kichekesho kimezaliwa na watu wawili, mmoja akiwa mbele ya kamera na mwingine akiwa ndani ya chumba chenye giza miezi michache baadaye, na hakuna kati yao ambaye angekitoa peke yake.

Chumba hicho kinastahili kuelezwa, kwa sababu humo ndimo nusu ya sinema ya Italia ilimotengenezewa. Filamu ilikatwa vipande vifupi, na kila kipande kikaungwa mwanzo na mwisho ili kizunguke bila kukoma kwenye projekta. Waitaliano walikiita anello, yaani pete. Mwingiza sauti alisimama mbele ya kibao chenye maandishi na taa ndogo, akatazama pete ikizunguka mara kadhaa, akajifunza pumzi za yule aliyeko kwenye picha, kisha akasema. Kazi ngumu ilikuwa kwenye herufi zinazofunga midomo, yaani p, b na m, kwani hapo mtazamaji huona kosa hata kama hajui ameona nini. Mwandishi wa maneno alilazimika wakati mwingine kubadili sentensi nzima ili midomo iliyofungwa ikutane na herufi inayofunga. Mtu kama Murgia, ambaye uso wake haukuchezacheza na mdomo wake ulifunguka kidogo, bila shaka alikuwa zawadi kwa watu wa chumba hicho.

Unauliza kwa nini Mwitaliano amtie Mwitaliano mwenzake sauti. Mazoea hayo yalianza na filamu za kigeni. Mwaka 1930 utawala wa Mussolini ulizuia filamu zinazosema lugha za kigeni kuonyeshwa jinsi zilivyo, na mwaka 1933 ukaamuru kwamba kazi ya kuzitia Kiitaliano ifanyike ndani ya Italia. Matokeo yake ni kwamba Roma ilipata vyumba vya sauti, mafundi, na tabaka zima la waigizaji wa sauti walioimudu kazi hiyo kikamilifu. Alberto Sordi mwenyewe, ambaye baadaye alikuwa nyota wa kwanza wa vichekesho vya Italia, alianza kujulikana mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa kumsemea Mmarekani Oliver Hardy, yule mnene wa wale wawili. Baada ya vita, waongozaji walipotoka na kamera zao mitaani, kwenye kelele za tramu na wapita njia, hawakuwa na sababu ya kuhangaika kunasa sauti papo hapo ilhali vyumba vile vilikuwepo vikiwasubiri. Walipiga picha haraka, mwongozaji akitoa maelekezo kwa sauti huku kamera inazunguka, na maneno yakatiwa baadaye, wakati mwingine yakiwa yameandikwa upya kabisa.

Wasomi wengi hulisahau jambo hili wanapousifu uhalisia wa sinema ya Italia ya miaka ile. Lamberto Maggiorani, baba katika filamu ya Vittorio De Sica ya mwaka 1948 kuhusu baiskeli iliyoibwa, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda, na uso wake ni kweli tupu, lakini sauti inayosikika si yake. Luchino Visconti alijaribu njia nyingine mwaka huohuo: aliwaacha wavuvi wa Aci Trezza, Sisilia, waseme lahaja yao wenyewe katika La terra trema. Watazamaji wa bara hawakuielewa, msimulizi akabidi aongezwe kwa Kiitaliano, na filamu ikakosa wateja. Soko lilikuwa limetoa jibu lake. Lilitaka nyuso za kweli zenye maneno yanayoeleweka, na Msisilia aliyetakiwa na umma wa Italia alikuwa Msisilia ambaye mtu wa Torino angeweza kumwelewa.

Maggiorani alipoteza kazi yake ya kiwandani baada ya filamu ile kumpa sifa duniani kote, na aliambulia sehemu ndogondogo tu katika miaka iliyofuata. Kama yeye na Murgia wote walichukuliwa kwa ajili ya nyuso zao, kwa nini mmoja alikwama na mwingine akafanya kazi nusu karne? Kwa maoni yangu, tofauti iko katika aina ya uso uliouzwa. Uso wa Maggiorani ulikuwa wa mtu mmoja katika mkasa mmoja, na filamu ilipokwisha hakuna mwongozaji mwingine aliyeuhitaji. Uso wa Murgia ulikuwa kinyago, kwa maana ile ya zamani ya vichekesho vya Kiitaliano ambavyo kila mkoa una mhusika wake, na kinyago hutumika upya kila jioni. Waitaliano wana neno kwa mwigizaji wa namna hiyo: caratterista, mtu anayebeba tabia moja kutoka hadithi hadi hadithi.

Kinyago chenyewe kilikuja na jina lake. Ferribotte ni neno la Kiingereza la chombo cha kuvusha watu lililosagwa na ndimi za kusini, kwa sababu ili Msisilia afike bara ni lazima avuke mlango wa bahari wa Messina. Ni kama vile mtu wa Kigamboni angebandikwa jina la Feri akakaa nalo maisha yake yote. Murgia alikaa nalo. Mwaka 1959 alilirudia katika Audace colpo dei soliti ignoti, iliyoongozwa na Nanni Loy, na mwaka huohuo Monicelli alimweka katika La grande guerra, filamu ya Vita Kuu ya Kwanza iliyowakutanisha Gassman na Sordi na iliyogawana tuzo ya Simba wa Dhahabu mjini Venezia na filamu ya Roberto Rossellini. Humo Murgia ni askari Rosario Nicotra, kutoka Sisilia bila shaka. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu atoke kwenye sinki la vyombo.

Wakati nao ulimsaidia. Mwaka 1955 Waitaliano walinunua tiketi za sinema takribani milioni 819, katika nchi ambayo watu wake hawakufika milioni 50, na ingawa televisheni iliyoanza kurusha matangazo Januari 1954 ilikuwa inapunguza idadi hiyo polepole, kumbi zilihitaji filamu mpya kila wiki. Isitoshe, sheria za nchi zilikuwa zimewapa vichekesho mgodi wa dhahabu. Kanuni ya adhabu ya Italia ilimpunguzia adhabu mtu aliyeua kwa ajili ya heshima ya familia, na ilimwachilia mbakaji aliyemuoa msichana aliyemharibia. Vifungu hivyo vilifutwa mwaka 1981 tu. Waongozaji wa miaka ya 1960 waliugeukia upuuzi huo wa kisheria na kuucheka, wakauweka Sisilia, na ghafla kila mtayarishaji akataka kaka mwenye wivu, baba mwenye bunduki, mchumba mwenye kisasi. Murgia alikuwa tayari amevaa sura hiyo.

Kuhusu riziki yenyewe, waigizaji wa pembeni walilipwa kwa kile kilichoitwa posa, yaani siku moja ya kazi mbele ya kamera. Nyota alifungwa na filamu moja kwa wiki nyingi. Caratterista alihitajika siku chache tu, kisha akawa huru. Na hapa ndipo ile sauti ya kuazima inapokuwa faida: mtu asiyehitajika kwenye chumba cha sauti anaweza kuondoka leo akiwa Msisilia wa filamu hii na kesho akaanza kuwa Msisilia wa filamu nyingine. Kwa mwenendo huo mtu huishi vizuri kiasi, mradi akubali kwamba jina lake litakuwa chini kwenye bango na kwamba hatachagua sana. Murgia hakuchagua sana. Miaka ya 1970 ilipoleta wimbi la vichekesho vya chumbani vyenye wasichana wengi na hadithi chache, alikuwamo pia, na zile ambazo nimezitazama sikushauri uzitafute.

Ili usidhani kwamba njia yote ya mwigizaji wa pembeni iliishia hapo, mweke Saro Urzì kando yake. Huyu alikuwa Msisilia kweli, mzaliwa wa Catania mwaka 1913, naye pia alitumia miaka mingi kama mtu wa pembeni, hasa katika filamu za Pietro Germi kuanzia In nome della legge ya mwaka 1949. Germi hakumtumia kama kinyago. Alimpa maaskari, marafiki wa bar, wafanyakazi wa reli, watu wenye woga na upole wao, na mwaka 1964 katika Sedotta e abbandonata akampa hatimaye sehemu kubwa: Vincenzo Ascalone, baba anayepigania heshima ya nyumba yake mpaka inamuua. Urzì alipata tuzo ya mwigizaji bora huko Cannes mwaka huo, akigawana na Antal Páger wa Hungaria. Ukiitazama The Godfather ya mwaka 1972 utamwona tena, akiwa baba wa Apollonia, mwenye mkahawa anayebadilika rangi akisikia mgeni anamsifia binti yake. Ni tabia ileile ya Ferribotte, yaani mlinzi wa heshima ya kike, lakini kwa Urzì unaona jasho. Nakiri kwamba kama ningelazimika kumchagua mmoja kuwa mwigizaji mkubwa zaidi, ningemchagua yeye bila kusita.

Hata hivyo simtazami Murgia kwa huruma, na ningependa nawe usimtazame hivyo. Kusemewa hakukuwa aibu ya wanyonge peke yao. Marcello Mastroianni, yule mpiga picha wa I soliti ignoti, katika Domenica d'agosto ya mwaka 1950 anazungumza kwa sauti ya Alberto Sordi. Totò, mkubwa wa wachekeshaji wote wa Napoli, alipopungukiwa na uwezo wa kuona kuanzia mwaka 1957 na kushindwa kuifuata midomo yake mwenyewe kwenye pete, alisaidiwa kimyakimya na Carlo Croccolo, mwigizaji wa pembeni aliyeweza kuiga sauti yake. Mario Castellani naye alikuwa "spalla" wa Totò kwa miaka mingi, neno linalomaanisha bega, yaani yule anayesimama imara ili mwenzake apate pa kuegemea anapochekesha. Mtazame katika behewa la kulala la Totò a colori ya mwaka 1952, akiwa mbunge anayezidi kukasirika, na uhesabu ni mara ngapi unamcheka Totò kwa sababu ya uso wa Castellani. Katika tasnia ile, mhusika alikuwa kitu kinachoundwa na mikono mingi, na mwenye uso alikuwa fundi mmojawapo tu.

Mwaka 1985 Amanzio Todini, katika I soliti ignoti vent'anni dopo, aliwarudisha wale wezi waliobaki. Gassman na Mastroianni walikuwa wamekwisha kuwa watu wa heshima duniani, kila mmoja akiwa na filamu kadhaa ambazo ulimwengu unamkumbuka kwazo. Murgia alirudi pamoja nao akiwa na mvi, akiitwa bado Ferribotte. Alifariki Tolfa, kaskazini mwa Roma, tarehe 20 Agosti 2010, akiwa na umri wa miaka 81. Monicelli alimfuata Novemba ya mwaka huohuo.